Kopo Lililobonyea

Murhula, zima feni usikilize.
Kando ya sauti ya mtangazaji
kuna filimbi nyembamba, kama nzi ndani ya chupa.
Msikilizaji wa Bagira hajui jina lake.
Atasema tu: leo redio ina mafua.

Nimepanda hapa kutoka Nguba na koleo mbili,
solda iliyobaki urefu wa kidole
na mvua iliyonifuata mgongoni tangu Essence.
Saa nne usiku. Umeme wa SNEL umekwenda zake,
betri za lori zinaubeba mtambo.

Tazama kitanzi hiki. Kazi yake ni moja:
oskileta inakimbia, kwatsi inahesabu,
na mlinganishi aliye kati yao anauliza
mara elfu moja kwa sekunde:
mko pamoja? mko pamoja?
Aliyechelewa anasukumwa. Aliyetangulia anashikwa shati.
Wakikubaliana, mlinganishi hana la kusema,
na kapasita inaitunza ile volteji
kama mtu abebaye maji kwa viganja.

Viganja vinavuja.

Si sana. Nanoampea hamsini;
multimita yangu inaapa kuwa ni sifuri.
Ni unyevu wa ziwa uliolala kwenye bodi,
ni dole la fundi aliyekula sambaza
akashika solda bila kunawa.
Kati ya swali na swali volteji inateleza,
na kila swali linalazimika kuijazia,
tone, tone, tone,
na matone hayo, Murhula, ndiyo filimbi.

Usiniambie tubadilishe kapasita.
Nimebadilisha tatu.

Baba aliuza maharage Kadutu
kwa kopo la maziwa lililobonyea ubavuni.
Alijua bonde lile linameza punje kumi na mbili.
Hakulinyoosha, bati lingepasuka.
Alijaza, akasawazisha kwa kiganja,
kisha akahesabu kumi na mbili juu yake.
Wateja walishangilia: matabishi!
Mzee Ntakwinja ana moyo!
Naye alikasirika hadi shingo kumvimba:
Si zawadi hii. Ni zako.

Basi nikafanya kama yeye.
Rezista kumi nimeziunga mkia kwa mkia
zinyunyize kile kile kinachopotea,
upande ule ule, kimya kimya, bila kuulizwa.
Filimbi ikanyamaza.
Nikalala juu ya makartoni, nikajiona bingwa.

Kesho yake saa sita mchana
jua likalishika bati la paa.
Uvujaji ukawa mara mbili, rezista zangu
zikabaki na hesabu ya jana usiku,
na filimbi ikarudi katikati ya matangazo ya msiba,
ikakaa kabisa juu ya jina la marehemu.

Hapo ndipo nilipokumbuka lile jingine.
Majira ya mvua punje hunywa unyevu, huvimba,
bonde likameza tisa tu.
Kila asubuhi kabla ya soko kuchangamka
baba aliazima kopo zima la Mama Cibalonza,
akapima upya deni lake.

Ndiyo maana unaiona hii kapasita ya pili,
pacha, kiwanda kimoja, boksi moja,
haifanyi kazi yoyote.
Nimeiweka ivuje tu.
Joto likipanda zinavuja pamoja,
baridi ya alfajiri ikija zinajikaza pamoja,
na transista hizi mbili zinanakili
kinachotoka huku, zinakirudisha kule.

Washa.

Ngoja kwatsi ipate moto.
Sasa bandika sikio, hapo, kwenye spika.
Bado ipo? Kidogo?
Punje moja, labda. Hata baba
kuna siku aliita mteja arudi, akamfungulia mfuko.

Haya, leta kifuniko.
Lakini nawa mikono kwanza.